Jiwe Kwenye Pindo la Kitenge

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimesalimia nyumba nzima. Mama mkwe shikamoo, marahaba, hajambo ila goti, na habari za goti amenipa zote. Anitha, binti yangu mkubwa, hajambo, kalala na simu mkononi tena. Alinda, kitinda mimba wangu, hajambo, kaamka anadai uji hata macho hajafumbua. Deusi mume wangu yuko Nkwenda kwenye ghala la maharage, nimemsalimu kwa simu, hajambo, anasema lori limekwama. Mbuzi wazima. Kuku mmoja simwoni. Na mimi mzima, moyo tu unakwenda mbio bila sababu. Ndivyo nilivyoumbwa.

Niliishia darasa la nne. Naandika ili mkono usisahau.

Kesho jumuiya inasali kwetu. Nimefagia ua, nimeosha vikombe, ndizi za kupika zimeshashushwa. Zimebaki nyasi. Kupokea watu kwenye sakafu isiyo na nyasi mbichi ni aibu, watasema mke wa Deusi kachoka. Nyasi laini ziko bondeni kule kwenye maji, mbali, na wenzangu wamekwishazikata. Nikapanda mlimani kwenye mawe. Nimekata mizigo miwili, mgongo umeisha.

Mama mkwe alinusa tu akajua. Za mlimani zinaanikwa juani kwanza, akasema, zinakung'utwa, ndipo ziingie ndani. Nikasema ndiyo mama. Jua lenyewe leo halikutoka. Nimezitandaza hivyo hivyo. Zimependeza sana.

Mchana alikuja mtu kutoka ng'ambo ya kijito, kang'atwa na siafu, anataka jiwe. Siafu! Nikamwekea, si nitafanyaje, katembea kote huko. Jiwe jeusi nimeachiwa na mama yangu. Unachanja kidogo kwa wembe, unaliweka kwenye damu, linang'ang'ania, likishiba sumu linadondoka lenyewe. Unalichemsha kwenye maziwa, linarudi kazini. Kwa nyoka, kwa nge, kwa yote. Hapa Bugomora na hata nje ya Bugomora wananijua.

Mama mkwe akacheka alipoondoka yule mtu. Huo ni mfupa wa ng'ombe ulioungua, anasema. Anasema hivyo tangu niolewe.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hospitali. Jioni. Anitha kanifuata na nguo, na daftari hili kaliweka ndani ya nguo bila kuambiwa. Sijui kama amelisoma. Atalala hapa na sisi.

Niandike polepole.

Watu walikuja wengi. Walikaa kwenye nyasi zangu, wakazisifu. Ma Yustina jirani yangu alikaa mbele na wajukuu wake wawili, Editha na Kemi mdogo. Tulikuwa kwenye maombi. Alinda akapiga kelele. Sio kelele za mtoto aliyefinywa. Nikajua kabla sijamfikia. Nge mkubwa, mweusi, alikuwa karibu na paja lake, anarudi kwenye nyasi. Mtu akampiga kwa kiatu.

Wote wakanitazama. Haya Mama Anitha, jiwe! Ma Yustina alikwishasimama. Anajua kazi ilivyo, maana mwaka jana kwenye mavuno ya maharage nilimwekea Editha. Akaniuliza wembe uko wapi, na maziwa je.

Mkono wangu haukwenda kabatini. Ulikwenda kwenye simu. Nikampigia kijana wa pikipiki. Nikasikia sauti yangu inasema hospitali, haraka, haraka waitu, nakusihi.

Watu wakatazamana. Mmoja alikohoa.

Watoto wao niliwawekea jiwe. Editha alilia kwangu usiku kucha, Ma Yustina akaniuliza kama ampeleke hospitali. Nilimwambia watakupotezea muda kule, kaa hapa, jiwe linafanya kazi. Nilisema hivyo. Mtoto alipona ila pale nilipochanja palioza, na kidole kimoja hakikunjiki mpaka leo. Ma Yustina aliniletea jogoo wa shukrani. Nilimpokea. Nilimchinja Krismasi.

Nilipopita chumbani kuchukua kitenge cha kumbebea Alinda, nikachukua na jiwe. Nikalifunga kwenye pindo, fundo dogo. Anitha aliniona. Sijui nililitakia nini. Nafikiri nilitaka vyote viwili.

Njiani mtoto jasho, mate yanamtoka, macho yanazunguka, mikono baridi. Ma Yustina alitukimbilia mpaka barabarani. Usijali nyumba, akasema, nitalala kwenu niangalie mama mkwe na goti lake. Na mimi sikumjibu hata asante.

Jumapili, 5 Oktoba, asubuhi

Alinda kalala usingizi wa kweli. Kaomba chai. Mungu ni mwema, na mimi naogopa kufurahi.

Niandike ya jana niliyoyaacha. Tulipofika alitupokea daktari kijana, mtu wa Muleba kwa jinsi anavyoongea. Mpole. Alieleza mara mbili, halafu akaniambia mama nieleze wewe nilichosema, nione kama nimeeleweka. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia hivyo.

Ni hivi. Wana dawa ya kuua sumu ya nge. Wanataka kujua inafaa kiasi gani. Mtoto akiletwa mapema na mzazi akikubali, anaingia kwenye majaribio. Kompyuta inapiga kura. Wengine chupa yao ina dawa, wengine chupa yao ina maji ya chumvi tu. Zinafanana. Mimi sijui, yeye daktari hajui, nesi hajui. Dawa za maumivu na za moyo wote wanapata. Tofauti ni ile chupa tu. Halafu wanakaa pembeni ya kitanda wanapima. Jasho limekatika lini. Macho yametulia lini. Mapigo.

Nikamuuliza kwa nini msiwape wote dawa, kama ni dawa?

Akasema, mama, nge wengi mwili unawashinda wenyewe. Mtoto angepona hata bila sisi. Sasa tukimpa kila mtu, akipona tutaisifu dawa kwa kazi ya mwili. Ndiyo maana lazima tupime.

Nikaweka sahihi. Jina lote, herufi zinayumba.

Halafu akauliza kama nimempaka kitu mtoto, dawa ya kienyeji, jiwe, chochote. Nikasema hapana. Hiyo ni kweli. Akaangalia paja, akaona ngozi safi, akafurahi. Akasema umefanya vizuri sana mama. Huko kwenu Bugomora kuna mama mmoja ana jiwe, watu wanakaa naye mpaka mtoto anazidiwa ndipo wanatuletea. Tunashindwa kumpata. Unamfahamu?

Nikasema namsikia tu.

Namsikia tu. Fundo lilikuwa linanigusa kiunoni.

Anitha alikuwa hajafika. Namshukuru Mungu alikuwa hajafika.

Asubuhi hii nimekaa nikiwaza maneno ya daktari yale ya mwili. Waliopona kwangu, nilisema jiwe. Yule mzee aliyeumwa na nyoka akafa, nilisema walichelewa kumleta. Jiwe halijakosea hata siku moja. Sasa naona kwa nini.

Jumapili, jioni

Siwezi kuandika vizuri. Naandika kwa sababu kusema siwezi.

Daktari alikuwa kwa Alinda, anasikiliza kifua. Simu ikaita. Simu yangu hii ya tochi ina sauti ya kusikika chumba cha pili. Ma Yustina. Anahema.

Mama Anitha waitu, Kemi kaumwa. Nge. Mkononi. Jiwe unaweka wapi?

Alikuwa ametoka misa akaanza kunisafishia nyumba. Kazitoa nyasi zote nje, nyasi zangu, ili nikirudi nikute pasafi. Kemi akambebea bibi yake kitita kidogo. Nge wa pili alikuwa humo. Sikumwambia mtu nimezikata wapi. Jana nilikimbia na mtoto wangu, na sikusema hata neno moja, kwamba jamani, msizishike zile nyasi.

Daktari aliinua kichwa. Alisikia neno jiwe.

Na mimi nikasema, liko juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo, tafuta vizuri. Nikakata.

Nilikuwa nalo kiunoni.

Nilitaka simu iishe. Nilitaka daktari asigeuke aniangalie. Nikajiambia akitoka tu nampigia Ma Yustina namwambia ukweli. Basi. Lakini hakutoka. Alimgeuza Alinda, akamuuliza anaitwa nani, anasoma wapi, mbuzi wenu wangapi. Alinda anamjibu yote, anamchekesha. Mimi nimesimama. Anitha kanitazama usoni, halafu akatazama fundo, halafu usoni tena. Mwanangu mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Nikatoka nje mwishowe bila kuaga. Nikapiga.

Nikasema acha kutafuta, ninalo mimi. Mlete mtoto hapa. Sasa hivi, mlete.

Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia Kemi. Kisha Ma Yustina akasema taratibu, unalo? Uko nalo huko hospitali?

Ndiyo.

Nimegeuza godoro, akasema. Nimemwinua mama mkwe wako na goti lake nitafute chini yake. Kumbe mwanao amepata yote, ya kwetu na ya wazungu.

Haikuwa hivyo. Ilikuwa hivyo hivyo.

Mvua ilikuwa imeshaanza. Jumapili pikipiki ni chache, na kile kilima cha udongo mwekundu kikilowa hakipandiki. Walifika wamelowa, Ma Yustina hana kiatu kimoja. Kemi povu mdomoni, baridi, pua inachezacheza kutafuta hewa. Ana miaka mitatu. Mama yake yuko Mwanza anafanya kazi, alimwachia bibi mtoto mzima.

Daktari alimuuliza Ma Yustina mtoto ameumwa saa ngapi. Akamwambia. Akauliza mbona mmechelewa?

Ma Yustina alikuwa amesimama karibu nami, maji yanamchuruzika. Akaangalia chini. Akasema, tulikuwa tunatafuta jiwe.

La nani?

La kwetu, akasema.

Hakunitaja. Alikuwa na kila haki. Hakunitaja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kemi hakuingizwa kwenye majaribio. Amechelewa. Ile chupa ni ya wanaofika mapema tu, anasema daktari, sumu ikishakaa mwilini inakuwa imefanya yake na vipimo vinachanganyika. Walimpa dawa zile nyingine, na hewa ya mtungi. Wamekesha naye, sijawaona wakikaa. Asubuhi wamesema moyo umechoka na mapafu yana maji. Apelekwe Bukoba.

Gari la wagonjwa limeondoka na Ma Yustina ndani, amevaa kandambili zangu. Ni mimi niliyempa. Alizipokea. Nilitaka kumwambia kitu mlangoni mwa gari, nikamwambia Editha nitamlea mimi. Akaitikia kwa kichwa tu. Kumbe alikuwa ameshamwacha Editha kwa mama mkwe, kwangu, hata kabla sijasema. Hana pengine.

Nimekaa kwenye benchi pale nje mpaka matako yakafa ganzi.

Ninachowaza hakina mwisho. Ningesema ukweli kwenye ile simu ya kwanza, Kemi angefika mapema. Angefika mapema angepigiwa kura. Labda angepata chupa ya dawa, labda ya maji. Na dawa yenyewe hawajui kama inafaa, ndiyo wanapima. Kwa hiyo sijui nimemnyima nini. Inaweza kuwa kitu kidogo. Inaweza kuwa uhai. Hata aibu yangu siwezi kuijua ukubwa wake.

Mchana nikaenda kwenye chumba cha daktari. Nikafungua fundo. Nikaliweka jiwe mezani kwake, kwenye karatasi zake. Nikasema yule mama uliyeniuliza ni mimi.

Alilitazama. Akalishika, akaligeuza. Nilisubiri aniseme. Nilikuwa nimejiandaa, hata kitenge nilikikaza.

Akauliza, wanakuja wengi?

Nikasema ndiyo.

Wanakuja kwako kwanza, kabla ya kwenda popote?

Ndiyo. Kwangu kwanza.

Akaliweka jiwe chini. Akasema basi wewe ndiye unayewaona mapema kuliko sisi wote. Wakija, wapandishe pikipiki. Usichanje. Nipigie simu tujue wanakuja. Akaniandikia namba kwenye kipande cha karatasi, tarakimu kubwa kubwa, kama za mtoto wa chekechea. Alijua siwezi kusoma ndogo bila taa.

Nikamwambia chukua jiwe. Akasema hapana mama, ondoka nalo, hilo ni lako.

Sikutaka kuwa nalo. Nimelifunga tena pale pale.

Jumatano, 8 Oktoba

Nyumbani. Alinda anaruka. Ana kialama kwenye paja kama cha kuchomwa na mwiba, basi. Daktari alisema hatatuambia kama alipata dawa au maji mpaka watoto wote wa majaribio wamalizike, na hiyo ni mbali. Deusi alipotupokea akataka kujua. Amepata ipi? Nikasema hawajui. Akasema hospitali gani hiyo isiyojua ilichompa mtu? Akacheka. Halafu akaniona uso, akaacha.

Nimemwambia yote. Alisikiliza anamenya ndizi, na yeye hamenyi ndizi hata siku moja. Mwisho akasema, mimi mwenyewe ningesema liko kabatini. Alisema ili anipoze. Hakunipoza.

Sakafu tupu. Ma Yustina alikuwa amefagia mpaka kwenye pembe. Nyasi bado ziko nje pale alipozidondosha, zimelowa, zinaanza kunuka. Hakuna aliyezigusa. Nimezichoma kwa mafuta ya taa, nimesimama na fimbo. Watatu wametoka kwenye moto. Wadogo, wa rangi ya majani makavu. Niliwaua nikilia kama mjinga, mama mkwe ananiangalia toka mlangoni.

Hakusema kitu kuhusu kuanika. Hakusema kitu kuhusu mfupa wa ng'ombe. Miaka yote hii ananitania, na leo ndiyo siku ya kunishinda, hakusema. Aliniletea kigoda nikae.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ma Yustina alimpigia Deusi jana. Sio mimi, Deusi. Kemi bado yuko kwenye hewa ya mtungi. Alifumbua macho, akalitafuta titi la bibi yake kama mtoto mchanga. Daktari wa kule hasemi ndiyo hasemi hapana. Tangu hapo kimya.

Kutopigiwa kunaniuma na najua sina haki ya kuumwa.

Leo amekuja mtu na mkewe. Mke kaumwa na nge akichambua kahawa, kidole cha mguu. Analia, anachechemea. Mume kashika kuku kwa miguu, ananiita Mama Jiwe toka mbali ili nijiandae.

Nikasema jiwe halipo.

Akasema acha utani mama, tumetoka Nyaishozi, tumekuja kwako kwa sifa zako.

Nikasema jiwe ninalo, lakini silitumii. Halitoi sumu. Panda pikipiki umpeleke hospitali, napiga simu sasa hivi wakungoje.

Akaniangalia kama nimemtemea mate. Tangu lini halitoi sumu? Mwaka juzi ulimwekea mdogo wangu, akapona!

Angepona tu, nikasema. Mwili ulishinda wenyewe.

Kwa hiyo ulitudanganya.

Watu wa barabarani walikuwa wamesimama. Ningeweza kusema nimeishiwa nguvu za jiwe, au mama yangu kanikataza ndotoni. Hilo wangelipokea vizuri, wangeniheshimu zaidi hata. Lilikuja mpaka mdomoni, namwogopa Mungu kuliandika lakini lilikuja. Nikasema ndiyo. Nilijidanganya mwenyewe kwanza, halafu ninyi.

Mke ndiye aliyesema twende, mguu unawaka, ninyi mtaendelea kugombana. Nilipiga ile namba. Niliposema jina langu yule daktari alinikumbuka, akauliza habari za Alinda. Wakaondoka. Mume kaondoka na kuku wake, na aliponipita akasema kwa sauti ya kusikika, mwizi.

Ni haki yake. Nimeingia ndani nikaosha vyombo visafi.

Anitha akaja kunisaidia. Tukaosha vyombo visafi wawili.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa nimekaa benchi la nyuma. Wengine walinisalimia. Wengine walikuwa na haraka. Mwenyekiti wa jumuiya aliniuliza habari za Kemi, nikasema hatujapata. Akasema tutamwombea. Akaongeza taratibu, wiki ijayo tutasali kwangu, na nyasi nimeshaagiza za bondeni. Hakuwa na ubaya. Nilitazama viatu.

Mchana umepoa. Mama mkwe amelala. Deusi amerudi Nkwenda. Alinda na Editha wanapikia udongo kwenye vifuu nyuma ya nyumba, Editha ndiye mama. Anashika kifuu na kile kidole kisichokunjika kimenyooka pembeni. Kila mara akinywa uji kwangu nakiona. Nilidhani ataogopa kukaa hapa. Haogopi. Usiku analala amenishika kitenge.

Ndivyo alivyoligusa lile fundo. Akaniuliza leo, mama, hili ndilo jiwe?

Nikalifungua nikampa. Akaliweka kiganjani, akalipima kama mtu anayenunua kitu. Akasema, kumbe jepesi. Akanirudishia, akaenda kucheza.

Nimeliweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia.

Bukoba bado kimya. Kila simu ikiita naikimbilia, ni watu wa maharage wanamtafuta Deusi. Naogopa kupiga. Nikisikia anavyonyamaza kwanza kabla ya kuniitikia sitaweza kuongea. Nimemwomba Anitha anionyeshe kuandika ujumbe kwenye simu, nikaandika mwenyewe, polepole, nimesimama dirishani ambapo mtandao unakamata. Nimeunakili na hapa ili nijue nilichosema.

Ma Yustina shikamoo. Ni mimi mama Anitha. Mama mkwe anakusalimu sana, goti lina nafuu. Baba Anitha anakusalimu. Anitha anakusalimu. Alinda anakusalimu na anauliza Kemi anarudi lini. Editha hajambo, anakula, juzi alikohoa kidogo nikampa asali, amepona. Mbuzi wako nawafunga malishoni kila asubuhi, yule mweupe mjanja. Kahawa yako nimeianua kabla ya mvua. Nyasi nimezichoma. Mimi nimekukosea, hilo nitakuja nikuambie mbele yako, si kwenye simu. Kandambili zibaki kwako. Kemi ameamkaje? Hata neno moja, hata likiwa baya, mwambie nesi aandike kama umechoka. Tujulishe upesi waitu. Upesi.